Jivu Halina Ploti

Mwezi ukikaza, kazi inayonilisha ni kuandika wasifu wa marehemu. Mtu ananipigia simu usiku akiwa na sauti ya aliyelia akachoka, ananitumia picha tatu na tarehe kadhaa kwa WhatsApp, na kufikia asubuhi nimemrudishia kurasa mbili. Wapiga chapa wa River Road wanamalizia: picha ya marehemu juu, njiwa kona hii, mshumaa kona ile. Nilianza baada ya kuacha chuo mwaka wa pili, kodi ikiwa imenikaba, nikidhani ni kibarua cha wiki mbili tatu. Sasa hii ndiyo fasihi ninayoijua kuliko nyingine yoyote. Na kwa vile wahakiki wetu hawaishughulikii, acha nijaribu.

Kijitabu cha mazishi kinastahili uhakiki kwa sababu kinasomwa. Mtu ambaye hajafungua riwaya tangu mtihani wa kidato cha nne atakisoma chote, jalada hadi jalada, akiwa ameketi kwa kiti cha plastiki chini ya hema. Muundo wake haubadiliki. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaoa au akaolewa, akajaliwa watoto, akaugua, akavumilia, akapumzika. Kila hatua ina maneno yake, na mwandishi akijaribu kuyabadilisha familia inayarudisha. Halafu kuna sentensi ya mwisho, ile inayosema atazikwa wapi: nyumbani kwake, kijiji fulani, lokesheni fulani, kaunti fulani. Nilikuwa nikiichukulia kama maelekezo tu kwa watu wa kukodi basi. Sikujua kwamba ndiyo inayobeba kijitabu kizima hadi nilipopata marehemu ambaye haikumfaa.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa South B. Familia iliniambia ameacha agizo: achomwe Kariokor, Alhamisi, bila matanga marefu. Wasifu wenyewe niliuandika kwa saa moja. Sentensi ya mwisho ilinikalisha hadi saa nane usiku. Nikaandika "Mwili wake utachomwa", nikafuta. Nikaandika "utateketezwa", nikafuta. Asubuhi nikampigia bintiye. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Andika tu ataagwa." Basi kijitabu kikaisha hivyo: ataagwa, kana kwamba mzee anapanda ndege. Siku yenyewe nilienda kuchukua salio langu. Ajuza mmoja wa ukoo, aliposikia mimi ndiye niliyeandika, alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, sasa tukitaka kumtembelea tutaenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Lakini swali lake lilinifungua macho. Hakuuliza kama moto ni dhambi. Hakuuliza kama Mungu atamkubali. Aliuliza wapi. Na tangu siku hiyo, kila ninaposikia Wakenya wakibishana kuhusu kuchoma maiti, ati ni imani, ati ni mila, nasikia swali hilohilo likiwa limevaa koti la dini.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo kesi inaamuliwa kabla haijasikizwa. Kuzika ni kitenzi chenye ukoo. Kina mazishi, kina maziko, kina kuzikana. Tunasema marafiki wa kufa na kuzikana, na kila mtu anaelewa ukaribu huo. Hakuna aliyewahi kusema marafiki wa kufa na kuchomana. Kuchoma nako kuna jamaa zake, na si jamaa wa kukaribishwa msibani. Tunachoma nyama. Tunachoma makaa. Tunachoma takataka nyuma ya ploti. Mwizi akishikwa mtaani anachomwa kwa tairi. Ukiniaibisha mbele ya watu umenichoma, umechoma picha yangu. Kuteketeza ni kubaya zaidi: ni kitenzi cha soko la Gikomba linapoungua, cha mabweni ya shule, cha msitu. Ndivyo vitenzi viwili ambavyo magazeti na televisheni zetu huchagua kati yake wakati mtu anapoomba mwili wake upewe moto. Msomaji anafika kwenye jina la marehemu akiwa tayari amenusa moshi wa tairi.

Methali nazo hazisaidii. Moto huzaa jivu, tunawaambia watoto wa watu mashuhuri wakishindwa kufika walikofika wazazi. Jivu katika methali hiyo ni aibu, ni kitu kilichobaki nguvu ilipoisha. Lakini shosho yangu hakulichukulia jivu hivyo. Alilichanganya na maharagwe ili dumuzi wasiingie. Alisugulia sufuria. Usiku alilifunikia kaa la moto, na asubuhi akilifukua kaa lilikuwa bado jekundu. Nyumbani kwake jivu lilikuwa kitu cha kuhifadhi uhai hadi kesho. Lugha yetu ya msiba imelisahau jivu la jikoni, ikabaki na lile la methali.

Sasa tazama jinsi tunavyosoma watu waliochagua njia hiyo. Orodha si fupi. Askofu Mkuu Manasses Kuria wa Kanisa la Anglikana, aliyefariki mwaka wa 2005, alichomwa, kama mkewe kabla yake. Wangari Maathai alichomwa Kariokor Oktoba 2011, baada ya ibada ya kitaifa Uhuru Park, bustani ileile aliyoipigania mwaka wa 1989 serikali ilipotaka kujenga jumba la orofa 60 ndani yake. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, basi jeneza lake likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji. Kenneth Matiba alichomwa mwaka wa 2018. Charles Njonjo alifariki tarehe 2 Januari 2022 akiwa na miaka 101, na siku hiyohiyo, kabla wengi hawajamaliza kusoma habari, alikuwa amekwisha kuwa jivu Kariokor.

Wangari tulimsamehe kwa sababu tuliweza kumsoma. Jeneza lile lilikuwa hoja ya mwisho ya mtu aliyefanya hoja hiyo maisha yake yote. Njonjo tulimsoma kama tulivyozoea kumsoma: suti ya milia, Uingereza, mambo yake. Askofu tulimshangaa. Lakini mwaka unaonifundisha zaidi ni 2019. Tarehe 2 Julai Bob Collymore wa Safaricom alichomwa Kariokor, siku moja baada ya kufa, na nchi ikatoa machozi bila kuuliza swali. Tarehe 3 Agosti, mahali palepale, akachomwa mbunge wa Kibra, Ken Okoth, aliyekuwa na miaka 41. Hapo maswali yakafurika. Wazee wa Kiluo walilalamika hadharani, mitandao ikawaka, kila mtu akawa mtaalamu wa mila.

Moto ni uleule, mji ni uleule, wiki ni tano tu katikati. Tofauti ni kwamba Collymore alizaliwa Guyana, na hakuna kijiji hapa kilichokuwa kikimngoja. Okoth alikuwa na nyumbani. Alikuwa na udongo uliokuwa na haki naye, au uliodhani una haki. Kama imani yetu ingekuwa kwamba moto unaharibu roho, tungemlilia Collymore kwa sababu hiyohiyo. Hatukufanya hivyo.

Na hata dini zenyewe, ukizifungua badala ya kuzitaja tu, zinasumbuka na mahali kuliko zinavyosumbuka na moto. Kanisa Katoliki, ambalo mama yangu ni muumini wake, liliondoa marufuku ya kuchoma maiti mwaka wa 1963. Mwaka wa 2016 Vatikani ilitoa maagizo mapya, na watu wengi walisikia tu kwamba kanisa "limekaza". Limekaza nini? Si moto. Limekataza majivu kutawanywa hewani, ardhini au majini. Limekataza yagawiwe jamaa kama mirathi. Limesema yasikae kwenye kabati la sebuleni, yawekwe mahali patakatifu, makaburini au kanisani, ili marehemu asisahauliwe katika sala. Desemba 2023 likaongeza kwamba majivu ya watu wengi yanaweza kuwekwa mahali pamoja, mradi majina ya kila mmoja yaandikwe. Soma maagizo hayo kama mhakiki na utaona ni yuleyule ajuza wa South B: tukitaka kumtembelea twende wapi, na tutamwita nani?

Biblia nayo ina kisa ambacho sijawahi kusikia kikihubiriwa msibani. Mfalme Sauli na wanawe walipouawa na miili yao kutundikwa ukutani, watu wa Yabesh-Gileadi walitembea usiku kucha, wakaishusha, wakaichoma, kisha wakaizika mifupa chini ya mti, wakafunga siku saba. Moto, halafu mti, halafu maombolezo. Hiyo ni bustani ya kumbukumbu ya majivu, iliyoandikwa karne nyingi kabla ya mtu yeyote kubuni tanuru la gesi.

Pwani hoja hii haina nafasi, na sitajifanya inayo. Uislamu unazika, unazika upesi, na unaona mwili wa maiti una heshima kama ya aliye hai. Kiswahili cha huko kina neno ambalo sisi wa bara tumelipoteza katika kelele za kuchoma na kuteketeza: kusitiri. Maiti anasitiriwa. Anafunikwa asiaibike. Lakini hata katika Hadithi kuna kisa cha mtu aliyejiona mwenye dhambi mno, akawausia wanawe wamchome na kulipeperusha jivu lake ili Mungu asimpate. Mungu akamkusanya, akamuuliza kwa nini, akajibu ni kwa kukuogopa wewe, akasamehewa. Kisa hicho hakihalalishi kuchoma, na hakuna sheikh atakayekisoma hivyo. Kinasema tu kwamba hakuna jivu linaloweza kumpotea Mungu. Anayepotewa ni sisi.

Wahindu, ambao tanuru la Kariokor ni lao, ndio pekee katika mjadala huu ambao hawaulizi wapi. Kwao moto ndio sakramenti yenyewe, sadaka ya mwisho ambayo kwa desturi mwana mkubwa huiwasha, na mabaki huenda kwenye maji yanayotiririka, Ganges kama uwezo upo, baharini kama haupo. Mahali pangemfunga marehemu, maji yanamwachilia. Na hata hivyo, watoto wachanga na watawa wao kwa kawaida huzikwa. Kwa hiyo yule anayesema "kuchoma ni mambo ya Wahindi" anajua nusu ya mambo ya Wahindi.

Nije nyumbani sasa, kwa sababu nisingeyaandika haya kama hayangekuwa yamenifika.

Mama yangu ameishi Nairobi tangu alipoachana na baba yangu, mimi nikiwa darasa la tatu. Kwao ni Nyeri. Jumatano ya Majivu mwaka huu alirudi kutoka misa akiwa na alama kwenye paji la uso, akaketi, akavua viatu, akasema, "Mimi nikifa mnichome." Nikacheka. Hakucheka. Akasema, "Wewe si ndiye unaandika? Andika."

Nikamuuliza kama ni sababu ya hiyo misa. Akaniangalia kama mtoto mjinga. Majivu yale ya kanisani, alinikumbusha, yanatokana na matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia: watu wanayapunga wakiimba, yanakauka nyuma ya picha ukutani, yanarudishwa, yanachomwa, yanawekwa usoni mwao. Hajawahi kuona ubaya wowote hapo. Lakini sababu yake haikuwa hiyo. "Sitaki kuombewa futi sita," alisema.

Hapo nikaelewa. Shamba la guka liligawanywa kati ya wajomba zangu wanne. Sheria inasema binti ana haki sawa; mstari wa mipaka unasema vingine. Mwanamke aliyerudi kutoka kwa ndoa akizikwa katika shamba la kaka yake, kaburi lake ni neno lililoandikwa ardhini. Kesho mimi nitakuja kupalilia. Kesho kutwa nitakuja na mtoto. Baada ya miaka kumi mtu atasema, mama yao amelala pale, wana haki pale. Kaburi Kenya ni hatimiliki isiyo na muhuri. Ndiyo sababu tunapigania maiti mahakamani. Kesi ya S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986, ilisomwa na nchi nzima kama pambano la mke na ukoo, la Mkikuyu na Waluo, la usasa na mila. Mwanafalsafa Odera Oruka alitoa ushahidi, na mchimba kaburi pia. Mei 1987 Mahakama ya Rufaa ikaamua, na wakili aliyeishi Nairobi akazikwa Nyalgunga. Kilichobaki kwetu ni somo moja: alichotaka marehemu ni ombi tu, na walio hai ndio wanaoamua atalala wapi.

Nilimpigia mjomba mkubwa. Nilimweleza polepole, kwa heshima. Akanikatiza: "Sisi hatuchomi watu. Hiyo si mila yetu."

Mila. Jomo Kenyatta aliyaandika mwaka wa 1938: Wakikuyu wa zamani hawakuwa wakizika watu wote. Kaburi lilikuwa la wazee wachache wenye mali na hadhi. Wengine walipelekwa msituni, wakaachiwa fisi. Kaburi kwa kila mtu lilikuja na misheni na serikali ya mkoloni. Kwa hiyo mila ambayo mjomba anaitetea ni changa kuliko reli. Sikumwambia hivyo kwa maneno haya, yeye ni mjomba wangu. Nilimuuliza tu, "Sawa, mjomba. Basi mama atazikwa wapi?"

Kimya. Kisha: "Hayo tutaona. Na Lang'ata si kuko?"

Lang'ata, ambako kwa miaka mingi tumeambiwa kumejaa. Huo ndio ushahidi wangu wote, na sina mwingine mzuri zaidi. Mtu yuleyule, kwa simu ileile, alikataa moto kwa sababu ya mila na akakataa udongo kwa sababu ya shamba.

Basi dawa ni nini? Wengi wa rika langu wanajibu haraka: panda mti. Changanya majivu na miche, marehemu awe mwembe. Naelewa utamu wa picha hiyo, na katika vijitabu nimeanza kuombwa niiandike. Lakini si kweli kabisa. Kinachotoka kwenye tanuru si jivu la kuni. Moto wa nyuzi 800 hivi kwa saa mbili unamaliza kila kitu isipokuwa mifupa, na mifupa hiyo husagwa. Unachokabidhiwa ni kilo mbili au tatu za mifupa laini, yenye chumvi na chokaa nyingi, ambayo ukiimwaga kwenye shina la mche unaweza kuuua. Mtu hageuki mwembe kirahisi hivyo. Mwandishi anayesema anageuka amekimbia huzuni, na amekimbia pia kitu kizuri zaidi: ni mifupa. Kanisa la mama, Yabesh-Gileadi, wazee wa mila, wote wanajua la kufanya na mifupa. Inazikwa. Inahitaji shimo la mkono mmoja, si futi sita.

Na tumewahi kufanya hivyo, tena hapahapa Nyeri. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alizikwa Nyeri mwaka wa 1941. Mkewe Olave alifariki Uingereza mwaka wa 1977, akachomwa, na majivu yake yakaletwa yakazikwa katika kaburi la mumewe. Watalii hupiga picha. Sijasikia mzee yeyote wa Nyeri akisema udongo ulitiwa najisi. Jinja, Uganda, sehemu ya majivu ya Gandhi ilitiwa kwenye Nile mwaka wa 1948, na leo pale kwenye chanzo cha mto kuna sanamu yake na bustani. Maji yaliondoka na majivu siku hiyohiyo. Bustani haina kitu ndani yake, na bado watu huenda, husimama, husema jina lake. Wangari mwenyewe, familia ilitangaza kwamba majivu yake yatawekwa katika taasisi yenye jina lake kule Upper Kabete. Hata aliyetaka asikatiwe mti alitafutiwa mahali.

Bustani ya kumbukumbu, basi, ndiyo jibu la yule ajuza. Lakini kama mhakiki siwezi kuisifu bila kuiangalia lango. Bustani nayo ni ploti. Ikiwa itajengwa kwa ada ambayo mama yangu hawezi kulipa, itakuwa tu shamba jingine la wajomba. Na bustani bila majina ni uwanja wa maua. Hilo Nairobi inalijua kuliko miji mingi. Jina Kariokor lenyewe linatokana na Carrier Corps, wapagazi wa Kiafrika waliochukuliwa kubeba mizigo ya Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa kuhara, kwa njaa, kwa malaria, na wengi makaburi yao hayajulikani. Kwenye Kenyatta Avenue kuna sanamu yao, na maandishi yake yanaahidi kwamba hata wakifa wana wao watayakumbuka majina yao. Nimeizunguka sanamu hiyo mara nyingi nikienda tao kutafuta kazi. Hakuna jina hata moja.

Kwa hiyo tunawapa moto wafu wetu katika mtaa ulioitwa kwa watu wasio na kaburi wala jina. Hatuwezi kusema hatujui mtu anapotelea wapi. Hapotei kwa sababu ya moto. Wale wapagazi walizikwa wengi wao, udongoni, kama mila inavyotaka, na wamepotea.

Nimerudi kwa vitenzi vyangu. Familia zikinipigia sasa siandiki "ataagwa" tena. Naandika kwamba mwili utasitiriwa kwa moto, na kwamba majivu yatazikwa, na natia mahali. Watu wa pwani wanaweza kunigombeza kwa kuliazima neno lao kwa kazi ambayo wao hawaifanyi, na wana haki ya kunigombeza. Lakini mtu anastahili kitenzi ambacho hakijatumika kwa mwizi. Na anastahili sentensi ya mwisho yenye wapi ndani yake. Nikikosa wapi, narudishia familia kazi na kuwaambia haijaisha.

Ya mama haijaisha. Mwezi uliopita nilienda Nyeri mwenyewe. Nilimweleza mjomba kuhusu uzito: kilo tatu, kama jerikeni ya lita tatu ya mafuta ya kupikia. Nikamwonyesha mparachichi ulio nyuma ya jiko la zamani la shosho, ambao mama aliupanda akiwa msichana, na unaozaa hadi leo. Nikamwambia si karibu na shina, pembeni kidogo, mti usidhurike. Shimo la mkono mmoja. Mjomba alitembea hadi pale, akasimama, akachimba udongo kidogo kwa kisigino cha gambuti. Si mtu mbaya. Aliniuliza swali moja.

"Na hiyo shimo itakuwa na msalaba? Na jina?"

Nikasema ndiyo, mama angependa jina.

"Basi bila jina," akasema. "Bila jina hakuna shida."

Nilimpelekea mama jibu hilo. Alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo, hakuinua kichwa. Alisema nimwambie kaka yake kwamba moto amekubali, shimo dogo amekubali, hata msalaba anaweza kuuacha. Jina, hapana. Kisha akaniambia nimsomee tena ile sentensi ya mwisho, jinsi ilivyo sasa, na nilipofika kwenye nafasi iliyo wazi akasema niiache hivyohivyo, nisiijaze, bado anaongea nao.